Propela Mbili za Boti Moja: Kosa Langu na Nilichojifunza Mwaloni



Wengi mmezoea kuniona nikiandika juu ya mnyauko wa migomba, mbegu za maharage na namna ya kutunza mahindi yasiliwe na dumuzi. Leo naandika juu ya propela za boti. Najua mtauliza, bwana shamba na propela wapi na wapi? Mimi nina stashahada ya kilimo, sikusomea injini. Hilo ndilo lililoniponza. Niliombwa ushauri katika jambo nisilolijua, nikaona aibu kusema sijui, nikatoa ushauri. Ushauri ule nusura uwapoteze watu tisa ziwani.

Nimechelewa kuiandika habari hii kwa sababu ya aibu. Lakini mwezi uliopita vikundi viwili vimenifuata vikiuliza juu ya kununua boti ya kubebea dagaa, nikaona kukaa kimya ni kosa la pili.

Kikundi na boti yao

Mwaka 2021 nilikuwa nimehamia Biharamulo kutoka Ngara. Kulikuwa na kikundi cha akina mama na vijana ambacho sitakitaja jina. Walikuwa wakinunua dagaa na kuwauza Nyakanazi, Lusahunga, Benaco hadi Kabanga mpakani. Walianza na hisa za kila wiki, kidogo kidogo, miaka mitatu. Kilichowaumiza ni nauli ya boti za watu. Mtu wa kati anakula faida yote kabla gunia halijafika barabarani.

Wakaamua kununua boti yao ya mbao, kuukuu lakini imara, yenye injini mbili za nje za 40 hp kila moja. Waliiweka Nyamirembe. Wazee wanakumbuka Nyamirembe ilikuwa bandari ya wilaya yetu ya Biharamulo, kabla Chato haijawa wilaya na kabla haijaingizwa mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Sisi watu wa Biharamulo bado tunauona mwalo ule kama mlango wetu wa ziwani.

Kwa nini injini mbili? Nahodha alinieleza kwamba moja ikizima, nyingine inakufikisha nchi kavu. Kwa ziwa kama Viktoria, ambalo hali ya hewa inaweza kugeuka ndani ya saa moja, hiyo ni bima. Weka neno hilo akilini, kwa sababu mimi niliivuruga bima hiyo bila kujua.

Safari ya kununua propela

Siku moja propela ya kulia iligonga jiwe karibu na kisiwa. Panga moja likavunjika, jingine likapinda. Ile ya kushoto ilikuwa imeliwa ncha lakini bado inafanya kazi. Mwenyekiti akanipigia simu: "Mtaalamu, tunakwenda Mwanza kununua propela. Tufuatane, wewe umesoma, usije muuzaji akatudanganya."

Nikafuatana nao. Dukani kulikuwa na propela zimepangwa kama masufuria. Muuzaji akauliza namba. Sisi tuliiacha propela iliyovunjika nyumbani, tena hakuna aliyeandika namba yake. Akatuonyesha mbili zinazoingia kwenye injini ile. Moja ilikuwa na namba ya mwisho 11, nyingine 14. Bei zilikaribiana.

Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Chukueni ya 14. Namba kubwa ndiyo nguvu kubwa." Mama mweka hazina akauliza, "Na ile ya upande wa pili, haitakiwi ifanane?" Nikamjibu kwamba ile bado nzima, tusipoteze pesa. Alinitazama kidogo, akafungua pochi.

Swali lile la mama lilikuwa sahihi kuliko majibu yangu yote siku ile.

Jioni ya Agosti

Safari mbili za kwanza zilipita. Nahodha alilalamika kwamba boti inavuta upande mmoja, mkono unamuuma kwa kushikilia, na injini ya kulia "inalia nzito". Nikamwambia ataizoea.

Safari ya tatu ilikuwa Agosti, kipindi cha upepo. Walikuwa wanarudi na magunia ya dagaa na watu tisa. Mimi nilikuwa Nyamirembe nikingoja, kwa sababu nilikuwa nimewatafutia mnunuzi wa jumla na gari lake lilikuwa limefika. Saa kumi na moja hawajaonekana. Saa moja usiku simu zao hazipatikani. Mnunuzi akaondoka. Wakaja wanafamilia, mume wa mweka hazina na watoto wawili, mdogo akiwa bado na sare ya shule. Nilikaa nao juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tunatazama giza. Yule mtoto akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia anakuja, na sikuwa na hakika.

Saa nne usiku boti nyingine ya dagaa iliingia ikiwavuta kwa kamba. Wote walikuwa hai. Lakini magunia yalikuwa yametupwa majini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakiingia ubavuni nao hawakuwa na njia nyingine ya kuipunguzia boti uzito.

Nahodha alisimulia hivi. Injini ya kulia, ile ya propela ya 14, ilikuwa imebeba mzigo usioiweza. Ilipata moto, ikakwama kabisa. Akaongeza mafuta kwenye ya kushoto. Injini ikalia kwa kasi, lakini boti haikusogea, maana mpira ulio ndani ya kitovu cha propela ile kuukuu ulikuwa umechoka, ukawa unateleza. Kwa hiyo injini mbili, hakuna hata moja. Boti ikajigeuza ubavu kwa mawimbi.

Mama mweka hazina aliteremka akiwa ameloa, akamkumbatia mwanawe, kisha akanigeukia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana shamba, sisi tulikuamini."

Maswali ya fundi

Kesho yake nilimfuata fundi mmoja mzee pale mwaloni, mtu ambaye amefungua injini tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia ukweli wote. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, kumbe ungeniuliza bure." Halafu akaninunulia chai na kunifundisha. Haya yafuatayo ni somo lake, pamoja na niliyosoma baadaye katika vitabu vya injini na kuyajaribu pamoja na kikundi.

1. Namba zilizo kwenye propela zina maana gani?

Vitabuni propela huitwa rafadha. Mwaloni tunasema propela, na majani yake ni mapanga. Kwenye kitovu au kwenye panga utakuta namba mbili za inchi, kwa mfano 11¼ × 13, mara nyingi zikifuatwa na herufi.

Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo mapanga yanalizunguka. Namba ya pili ni pichi. Chukua skrubu uizungushe mara moja kwenye ubao, itazama kiasi fulani. Pichi ni hicho kiasi: inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Herufi inahusu aina ya kitovu, yaani kama propela itaingia kwenye shafti ya injini yako. Kuingia kwenye shafti hakuna maana kwamba inaifaa boti yako. Hapo ndipo mimi nilianguka.

2. Pichi ni gia, si nguvu

Nyie wa Ngara mtaelewa haraka. Mnazijua zile pikipiki zinazopanda milima na mikungu ya ndizi. Dereva akijaribu kupanda na gia kubwa, pikipiki inatetemeka, inapata moto, inazima. Akishusha gia, inapanda taratibu na mzigo wake. Fundi wa bodaboda akijua wewe ni mtu wa mizigo, anakubadilishia hata sproketi.

Pichi kubwa ni gia kubwa. Inafaa boti nyepesi inayokimbia na watu wawili. Pichi ndogo ni gia ndogo. Inafaa boti ya mzigo. Ukiipa boti ya magunia pichi kubwa, unailazimisha injini kupanda mlima kwa gia ya nne.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia ya chini inapunguza mizunguko hiyo kwa nusu. Propela inazunguka mara 2,500. Kwa pichi ya 11 utapata inchi 27,500 kwa dakika, sawa na kama kilomita 42 kwa saa. Kwa pichi ya 14 utapata inchi 35,000, sawa na kama kilomita 53 kwa saa. Maji si ubao, propela huteleza, na boti nzito ya mbao haitafikia mwendo huo hata siku moja. Lakini tazama tofauti. Kwenye boti yetu propela moja ilikuwa inataka kilomita 53, nyingine inataka 42, na boti ni moja.

Wanaolima kwa ng'ombe wanajua maana yake. Ukifunga nira dume kubwa na ndama, dume anabeba jembe lote, ndama anaburuzwa, na mtaro unapinda. Ndiyo maana nahodha alikuwa anaumwa mkono.

3. Injini inazunguka mara ngapi ikiwa na mzigo kamili?

Hili ndilo swali kuu, na wengi hawaliulizi. Kila injini ina kiwango cha mizunguko inachotakiwa kufikia mafuta yakifunguliwa hadi mwisho. Kimeandikwa kwenye kitabu chake. Injini nyingi za tustroki za 40 hp hutakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika 4,500, propela ni nzito mno kwa mzigo wako. Ikipita 5,500, propela ni nyepesi mno.

Boti zetu nyingi hazina mita ya mizunguko. Kuna mita ndogo ya bei nafuu ambayo waya wake unazungushwa juu ya waya wa plagi. Hakikisha imepangwa kwa injini ya tustroki kama yako ni tustroki, la sivyo itakudanganya. Kikundi kizima kinaweza kununua moja na kuazimana.

Jaribio lifanyike hivi:

- Pakia boti mzigo wako wa kawaida, si tupu na si kupita kiasi.
- Chagua asubuhi yenye maji tulivu, na kila aliye botini awe amevaa boya lake.
- Fungua mafuta hadi mwisho kwa injini zote mbili kwa pamoja, kwa muda mfupi tu.
- Soma mizunguko ya kila injini na uandike kwenye daftari.

Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza pichi kwa inchi moja, mizunguko hupanda kati ya 150 na 200. Ukiongeza inchi moja, hushuka kiasi hicho hicho.

Tulipoitengeneza injini tulifunga kwanza propela mbili za 11. Kwa mzigo kamili tukapata 4,450, chini kidogo ya kiwango. Kumbe hata kabla ya kosa langu boti ile ilikuwa na gia kubwa, na mafuta yalikuwa yanakwenda bure. Tulishuka inchi mbili hadi pichi ya 9. Jaribio la pili likatoa kama 4,800 kwa kila injini. Hapo tukatulia.

Angalizo moja. Propela ya mzigo, boti ikiwa tupu, itaruhusu injini kuzunguka kupita kiwango. Ukirudi visiwani bila magunia, usifungue mafuta hadi mwisho. Mwambie nahodha wako, na umwambie tena.

4. Je, zote mbili zinafanana?

Kwenye boti ya injini mbili zinazofanana, propela hununuliwa kwa jozi: kipenyo kimoja, pichi moja, idadi moja ya mapanga, na ikiwezekana mtengenezaji mmoja. Pichi 11 ya kiwanda hiki na pichi 11 ya kiwanda kingine zinaweza kutofautiana kidogo, kwa sababu mapanga hayakatwi kwa umbo moja. Kama pesa haitoshi kununua mbili mpya, ni afadhali kutengeneza ile iliyopinda irudi kwenye namba yake kuliko kuweka mpya ya namba nyingine.

Kama namba imefutika, pima mwenyewe. Laza propela kwenye meza iliyo sawa, kitovu kikiwa wima. Chagua sehemu moja kwenye panga, kiasi cha theluthi mbili kutoka katikati kwenda nchani. Pima kimo cha ukingo mmoja wa panga kutoka mezani, kisha ukingo wa pili kwa umbali ule ule kutoka katikati. Toa, upate tofauti. Halafu pima pembe kati ya kingo hizo mbili kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Pichi ni tofauti ya kimo, mara 360, gawanya kwa pembe. Mfano: tofauti ni sentimita 5 na pembe ni nyuzi 60. Tano mara sita ni sentimita 30, yaani karibu inchi 12. Fanya hivyo kwa kila panga. Panga moja likitofautiana na wenzake, propela imepinda hata kama jicho halioni.

5. Inazunguka upande gani?

Injini nyingi zinazotumika kwetu huzungusha propela kulia, kama mshale wa saa ukitazama kutoka nyuma ya boti. Injini mbili ndogo za aina moja kwa kawaida zote huzunguka kulia, na zote hutaka propela za kulia. Boti itavuta kidogo upande mmoja, nalo hurekebishwa kwa kile kipande kidogo kama pezi kilicho juu ya propela.

Kuna injini kubwa zilizoundwa mahususi kuzunguka kushoto, ili zifungwe jozi na ile ya kulia na mivuto ijifute. Hizo ndizo pekee zinazotaka propela ya kushoto. Mtu asikuambie kwamba kwa kuwa una injini mbili basi lazima ununue moja ya kulia na moja ya kushoto. Propela ya kushoto kwenye injini ya kawaida itakurudisha nyuma ukiweka gia ya mbele. Na ukiifanyia ujanja wa kwenda mbele kwa gia ya nyuma, utamaliza gia, kwa sababu gia ya nyuma haikuundwa kusukuma mzigo siku nzima.

Kuitambua, simama nyuma ya propela na utazame panga la juu. Ukingo wake wa kulia ukiwa mbali nawe, upande wa injini, na ule wa kushoto ukiwa karibu nawe, hiyo ni ya kulia. Ikiwa kinyume, ni ya kushoto.

6. Mapanga matatu au manne, alumini au chuma?

Mapanga matatu hutosha boti nyingi na bei yake ni ya chini. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mzigo mzito na mawimbi, mtetemo hupungua, ila mwendo wa juu hupungua kidogo. Kama boti yako kila mara inapiga hewa, yaani injini inalia ghafla bila kusukuma, usikimbilie mapanga manne kabla hujapima urefu wa injini. Ile bapa iliyo juu ya propela inatakiwa iwe sawa na sakafu ya chini ya boti au chini yake kidogo. Boti nyingi za mbao zimefungwa injini juu mno, na lawama inaangukia propela.

Chuma kisichoshika kutu ni kigumu na hudumu, lakini ni ghali, na kikigonga jiwe pigo huweza kupita hadi kwenye gia. Alumini hupinda na kuvunjika, lakini mara nyingi yenyewe ndiyo inayokufa na kuiokoa gia. Kwa miamba ya mwambao wetu mimi sasa nashauri alumini, na moja ya akiba ndani ya boti pamoja na spana yake.

7. Kabla ya kufunga

Propela mpya kwenye kitovu kibovu ni kazi bure. Fanya haya:

- Chora mstari mmoja kwa rangi kuanzia ndani ya kitovu, kuvuka mpira, hadi sehemu ya nje. Baada ya safari kadhaa utazame. Mistari ikiachana, mpira unateleza. Tungefanya hivi, tungejua kabla ya Agosti.
- Angalia kama kuna uzi wa nyavu umejizungusha kwenye shafti nyuma ya propela. Uzi hukata sili, maji huingia kwenye gia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.
- Paka grisi isiyotolewa na maji kwenye meno ya shafti.
- Rudisha washa zote kwa mpangilio ule ule, hasa ile nene ya mbele. Ukiisahau, propela itasugua nyumba ya gia.
- Weka pini mpya ya kufungia nati. Usiifunge kwa waya wa kenchi. Nati ikilegea, propela yote inazama.

Tulivyomaliza

Kikundi kilikaa miezi mitatu bila boti. Baadhi walirudi kulima vibarua. Niliwaomba msamaha kikaoni, nikachangia kutoka mshahara wangu kutengeneza injini, kidogo kidogo kwa miezi sita. Si kwamba nilidaiwa. Nilishindwa kulala.

Tuliponunua jozi ya pichi ya 9, mweka hazina ndiye aliyeongoza safari ya Mwanza. Alibeba propela ya zamani kwenye kiroba, daftari lenye mizunguko ya kila jaribio, na karatasi ya kitabu cha injini. Muuzaji alipotaja nyingine aliyosema ni bora zaidi, mama alifungua daftari na kumwonyesha kidole kwenye namba. Mimi nilisimama mlangoni, sikusema neno. Nilijivunia siku ile kuliko siku nilipopewa stashahada.

Daftari lao la mafuta linaonyesha kwamba safari iliyokuwa inakula lita 70 sasa inakula kama 58. Ni boti moja na njia moja, nanyi msiichukue kama ahadi kwa boti zote. Lakini kwao, hizo lita 12 ndizo ada za shule.

Ukumbuke haya machache

Andika namba za propela zako leo, kabla hazijavunjika, na uzipige picha kwa simu. Pima mizunguko kwa mzigo kamili. Nunua kwa jozi. Mzigo mzito unataka pichi ndogo. Usipakie kupita kiasi kwa sababu propela sasa inasukuma vizuri. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara mwaka 2018 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na hakuna propela inayoweza kutibu hilo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, na boti yako ikaguliwe na TASAC kama inavyotakiwa.

Na la mwisho linatuhusu sisi tunaoitwa wataalamu. Mkulima akikuuliza jambo usilolijua, sema "sijui, twende tukamuulize anayejua". Fundi yule alikuwa hatua mia mbili kutoka mahali boti ilipofungwa. Kilichonizuia kumfikia ni cheo changu tu.

Nawatakia kazi njema. Makala ijayo narudi shambani: tutazungumzia kukausha maharage kabla ya mvua za vuli.